Mnyama Akishambulia Kambini: Nani Anawajibika, na Ujipange Vipi Kabla ya Kupiga Hema Kandokando ya Ziwa Victoria

Ukitembea asubuhi kwenye nyasi za Ghuba ya Speke, pale nyumba zinapokoma na matete kuanza, unaweza kuona njia iliyochongeka ardhini kama mifereji miwili midogo inayokwenda sambamba, katikati yake pakiwa na tuta jembamba la nyasi. Hiyo ni njia ya kiboko. Miguu ya kushoto hupita mfereji mmoja na ya kulia hupita mwingine, na kwa kuwa hurudia palepale kila usiku, ardhi mwishowe hushika umbo lake. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa msaidizi wa kiongozi katika kambi ya vijana, tulipiga hema la jikoni juu ya njia ya namna hiyo kwa sababu palikuwa tambarare na hapakuwa na mawe. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akianika dagaa jirani, aliitikia shikamoo zetu, akazitazama kamba za hema kwa muda, kisha akaniambia, “Mwanangu, hapo mmelala barabarani.” Tulihama kabla ya magharibi. Kulipokucha tulikuta majivu ya meko yetu ya kwanza yametawanywa, na jiwe moja la meko limedidimizwa ardhini likabaki ncha tu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kama mzee yule asingepita, na mtoto wa mtu akakanyagwa usiku ule, nani angejibu? Mwongozo huu unaeleza namna ya kujipanga ili swali hilo lisizuke, na namna ya kulishughulikia likizuka. Unahusu sheria ya Tanzania Bara kwa ujumla wake. Jambo likishatokea, mtafute wakili alitazame kwa mazingira yake mahususi.

Anza kwa kuelewa mnyama ni wa nani

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na kwamba wako mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kusema kwamba basi kiboko akimuua mtu, Serikali ndiyo imeua, nayo ilipe. Sheria haiendi hivyo. Udhamini huo unahusu uhifadhi na matumizi ya rasilimali, na haumfanyi kiboko anayelala ziwani na kulisha nchi kavu awe kama ng'ombe wa Serikali aliyetoroka zizini. Mnyama aliye huru katika makazi yake ya asili hana mfugaji, na kwa sababu hiyo anayetaka kulipwa fidia mahakamani hana budi kuonyesha kosa la mtu au taasisi fulani. Shambulio peke yake halitoshi.

Kwa kuwa mwananchi asingeachwa mikono mitupu, sheria hiyo iliweka malipo ambayo Kiswahili cha ofisini kimeyapa majina yenye ukweli mwingi: kifuta jasho kwa mazao na mifugo, kifuta machozi kwa kifo na majeraha. Kanuni za mwaka 2011 zilianza na shilingi 1,000,000 kwa kifo, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu na 200,000 kwa jeraha la muda. Viwango huweza kubadilishwa, hivyo ulizia kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya vinavyotumika siku ya tukio. Majina yenyewe yanatosha kukuonya. Hayo si malipo ya thamani ya mkono uliokatika wala ya mshahara uliopotea. Ni kitambaa cha kufutia machozi. Nayo huhusu wanyama hatari waliotajwa na sheria, na huweza kunyimwa mtu aliyedhurika akiwa ndani ya hifadhi bila kibali au akifanya jambo lililokatazwa. Mtu aliyejipenyeza hifadhini kwa mtumbwi usiku ili akwepe ada ya kiingilio, akalala ufukweni na kukamatwa na mamba, amejifungia mlango huo mwenyewe.

Mambo hubadilika pale mnyama anapofugwa au kuzuiliwa. Anayemweka mnyama wa porini, awe simba kwenye kizimba au nyani aliyefungwa mnyororo nyuma ya baa ya ufukweni ili wateja wapige naye picha, hubeba dhima hata kama alikuwa mwangalifu, kwa sababu amechagua kukaa na hatari. Kanuni ya Adhabu nayo inamgusa asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Kati ya pande hizo mbili kuna eneo la katikati, na mfano wake hatuufuati mbali. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe mtu waliokuwa wamefungiwa huko Ulaya waliachiwa kisiwani Rubondo, humuhumu Ziwa Victoria. Wengine walikuwa wamezoea watu mno, na madume wawili baadaye walipigwa risasi kwa sababu ya kushambulia watu. Kisheria mnyama akishaachiwa na kurudia uhuru wake hahesabiwi tena kuwa wa aliyemfuga. Kwa mpiga kambi, funzo ni kwamba mnyama asiyemwogopa binadamu ndiye wa kuogopwa zaidi.

Mahakama hutazama nini

Sehemu kubwa ya sheria inayohusu madhara yatokanayo na uzembe haikutungwa na Bunge letu. Tuliirithi kutoka mahakama za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mahakama zetu zimeendelea kuikuza. Ukiipunguza maneno, inauliza maswali matatu: mtu huyu alijua nini, au alipaswa kujua nini; alikuwa na uwezo gani wa kuzuia au kuonya; na alifanya nini. Ndiyo maana dhima haimfuati mnyama, inamfuata mwenye habari. Mwenye eneo la kambi aliyesikia kwamba kiboko alipita kati ya mahema Jumatatu, akapokea wageni wapya Jumanne na kunyamaza, yuko katika hali mbaya kuliko jirani yake ambaye kwake hajapita kiboko miaka kumi.

Kesi inayoonyesha jambo hili vizuri ilitokea mbali na kwetu, katika jimbo la Utah, Marekani. Mwezi Juni mwaka 2007 dubu mweusi alimtoa hemani mtoto wa miaka 11 na kumuua. Usiku uliotangulia, dubu alikuwa amevamia wapiga kambi wengine mahali palepale, wakatoa taarifa, na familia iliyofika baadaye haikuambiwa. Mwaka 2011 jaji aliiona idara ya misitu ya serikali kuu kuwa na sehemu kubwa zaidi ya lawama, asilimia 65, na serikali ya jimbo asilimia 25. Asilimia 10 iliyobaki ikaenda kwa familia, kwa sababu ndani ya hema kulibaki mabaki ya vitafunwa na kopo la soda. Wafiwa kubebeshwa sehemu ya lawama ni jambo chungu kulisoma, lakini mgawanyo wa namna hiyo unawezekana pia hapa kwetu: sheria ya Tanzania inairuhusu mahakama kupunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wa aliyedhurika. Hukumu ya Utah haizifungi mahakama zetu; naitaja kwa sababu maswali ni yaleyale.

Kuchagua mahali ndiyo kazi yenyewe

Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanyika saa kumi jioni, mizigo ikiwa bado ndani ya gari au mtumbwi. Fika mapema ili uwe na mwanga wa kutembea. Zunguka eneo lote kwa miguu na utafute mifereji miwili niliyoieleza, kinyesi kilichorushwa juu ya vichaka (kiboko hukitawanya kwa mkia), nyasi zilizokatwa fupi kana kwamba zimefyekwa, na mahali ambapo ukingo wa maji umelainishwa na tumbo la mamba anayepanda kuota jua. Usilale kati ya maji na malisho. Kiboko hutoka majini giza likiingia na kurudi kabla hakujapambazuka, na akishtuka hukimbilia majini kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Hema lililo kwenye njia hiyo halimzuii.

Watu huniuliza umbali gani unatosha. Hakuna umbali unaokuhakikishia usalama, kwani kiboko huweza kwenda kulisha mbali sana na ziwa. Hata hivyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inapozuia shughuli za kudumu na zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, imetupa kipimo kinachofaa kuanzia. Hema la usiku mmoja halikulengwa na katazo hilo. Lakini mtu aliyejenga vibanda vya kulaza wageni mita 15 kutoka majini atapata shida kueleza mahakamani kwamba alikuwa mwangalifu.

Kisha uliza watu, na hapa nasisitiza kwa sababu ndipo wapiga kambi wa mjini hujiharibia. Ukiwa kwenye ardhi ya kijiji, nenda kwa Mtendaji wa Kijiji au Mwenyekiti wa Kitongoji, jitambulishe, omba ruhusa, na uulize moja kwa moja: mamba au kiboko ameonekana lini mara ya mwisho, wapi, na watu huchota maji wapi? Waulize pia viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa eneo, kwenye mwalo wanaposhushia samaki, kwa kuwa wavuvi hukesha ziwani na hujua kiboko mwenye mtoto yuko upande gani wiki hiyo. Katika baadhi ya vijiji vya wilaya ya Sengerema vimejengwa vizimba majini ili watu wachote maji bila kukamatwa na mamba. Ukikiona kizimba, kichukue kama ubao wa onyo: kuanzia dakika hiyo huwezi kusema hukujua, wala kiongozi wako hawezi. Majibu unayopewa yaandike kwenye daftari, pamoja na tarehe, saa na cheo cha aliyekujibu. Daftari hilo litakusaidia kupanga kambi usiku huo, na huenda siku moja likawa kielelezo.

Ndani ya hifadhi mambo yamenyooka zaidi. Saanane, iliyo jirani kabisa na Capri Point jijini Mwanza, ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Rubondo, unayoifikia kwa boti kutoka Nkome mkoani Geita, ni hifadhi tangu mwaka 1977. Serengeti nayo ina lango la Ndabaka kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Humo mote unapiga kambi mahali ulipoelekezwa na kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi, na ada uliyolipa inaambatana na masharti. Soma masharti hayo. Wapo wanaojiachia Rubondo kwa kuwa haina simba, wakasahau kwamba ina viboko, mamba na tembo, na kwamba aliyeondoka kambini peke yake kwenda kuoga ziwani jioni amevunja utaratibu na kujinyima hoja kwa mpigo mmoja.

Kwa upande wa hifadhi au mwenye kambi, wajibu ni kuonya juu ya hatari wanayoijua ambayo mgeni hawezi kuiona mwenyewe. Ubao uliofifia na kufunikwa na mbigili hausemi chochote. Kama unaendesha eneo la kambi, mweleze kila mgeni kwa mdomo na kwa lugha anayoielewa, kisha aweke sahihi kwenye kitabu kwamba ameelezwa. Taarifa ya mnyama aliyeonekana jana iandikwe mahali ambapo mpokeaji wa zamu ijayo ataiona kabla hajatoa funguo.

Usiku wa kambini

Chakula kisiingie hemani. Weka unga, dagaa, matunda na hata dawa ya meno kwenye sanduku gumu ndani ya gari, na mabaki yafungwe na kuwekwa humohumo. Tumbili na nyani hawahitaji somo la pili kuhusu hema lenye ndizi. Vyombo vioshwe kabla ya giza, na maji ya kuoshea samaki yasimwagwe mlangoni. Kulisha wanyama ni marufuku hifadhini, na nje ya hifadhi ni ujinga unaomsubiri mgeni wa kesho. Vyoo viwekewe njia iliyofyekwa, na watu waende wawiliwawili wakiwa na tochi na viatu, kwa sababu kifutu hulala njiani na hujeruhi wengi wanaomkanyaga kuliko anaowafuata. Maji yachotwe mchana, na si mahali pamoja saa ileile kila siku, kwa kuwa mamba huhifadhi ratiba vizuri kuliko mpishi.

Ukiongoza kundi

Kiongozi hubeba zaidi ya mshiriki, na aliyelipwa hubeba zaidi ya aliyejitolea, ingawa kujitolea hakukuondolei wajibu. Ukishakubali kuwaongoza watu, wajibu wako ni kufanya kile ambacho kiongozi makini angefanya, na uzembe uliokithiri ukisababisha kifo unaweza kukufikisha kwenye shitaka la kuua bila kukusudia.

Wengi hutegemea fomu. Ile karatasi inayosema “nashiriki kwa hiari yangu na sitadai chochote” ina nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Huweza kuonyesha kwamba mshiriki alielezwa hatari na kuipokea kwa ridhaa, mradi hatari yenyewe imeandikwa waziwazi: viboko hupita eneo hili usiku, mamba wapo, hakuna kituo cha afya karibu. Haiwezi kugeuza uzembe wako kuwa uangalifu, kwa sababu hakuna anayeridhia kulazwa juu ya njia ya kiboko bila kuambiwa kwamba ndipo alipolazwa. Mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kufunga mkataba kwa sahihi yake, na sahihi ya mzazi inampa ruhusa ya safari tu. Haki za mtoto zinabaki palepale. Nashauri fomu iwe ukurasa mmoja, isomwe kwa sauti mbele ya wote, maswali yajibiwe, kisha ndipo sahihi ziwekwe.

Mpishi, dereva na mlinzi uliowaajiri wana njia yao. Akishambuliwa kazini, mwajiriwa hudai kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Kwa hiyo hakikisha umesajiliwa na michango imelipwa kabla ya msafara kuondoka Mwanza. Bima ya safari kwa washiriki ni jambo jema, ila soma orodha ya yasiyolipiwa.

Shambulio likishatokea

Maisha kwanza. Waondoe watu eneo la hatari, zuia damu kwa kukandamiza, na mpeleke majeruhi hospitali hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Jeraha la meno ya nyani, tumbili au fisi lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Aliyeng'atwa na nyoka asikatwe wembe wala kufungwa kamba ya kukata damu. Alazwe atulie na asafirishwe.

Pita kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, au mwenzako aifuate majeruhi akiwa njiani, kwa kuwa bila hiyo na bila maelezo ya daktari utahangaika kuthibitisha chanzo cha jeraha. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Wanyamapori wa Wilaya, au kwa uongozi wa hifadhi. Piga picha nyayo ukiwa umeweka kalamu au rula kando yake, piga mahema yalivyokaa kabla hayajafungwa, mabao ya onyo na mahali yalipo, na njia ya mnyama kutoka majini. Andika majina na namba za mashahidi kabla hawajatawanyika. Mvua ya saa moja ikinyesha, nyayo zote zimekwisha.

Usimfuate mnyama kwa kisasi. Sheria haimhesabii kosa mtu anayeua mnyama kwa kuokoa maisha, lakini kumwinda kesho yake si kujihami, na aliyemchokoza mnyama kwanza hapati kinga hiyo kirahisi. Mnyama akifa, toa taarifa mara moja na usiguse kitu: meno, ngozi na nyama ni nyara za Serikali, na watu wamejikuta washtakiwa kwa kipande cha nyama ya kiboko walichodhani ni haki yao.

Ukiamua kwenda mahakamani, kumbuka kwamba anayedai ndiye anayethibitisha, na kwamba siku zinahesabika. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na ya mkataba miaka 6. Ukiishtaki Serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na kwa kuwa miezi hiyo mitatu hupita upesi, mtu anayemwona wakili katika wiki ya mwisho ya mwaka wa tatu huwa amekwisha kuchelewa. Kupokea fomu ya kifuta machozi kusikufanye uketi ukisubiri hundi huku muda wa kudai fidia ukiisha. Muulize wakili mambo hayo mawili kwa pamoja, siku ya kwanza, ukiwa na PF3, picha na lile daftari mkononi.